Sura ya Sita: Anayeuliza ni Nani?

Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nami nimekaa kwenye kigoda, daftari mapajani. Nyumba yake iko juu kilimani huko Bugufi, wilayani Ngara, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ukishapanda unaiona migomba ya Burundi ng'ambo ya bonde kama unavyoiona ya jirani. Nilimweleza nilichokifuata: ukoo wa marehemu mume wake, baba yake nani, babu yake nani, walitokea wapi, na ni nani kati yao aliyefyeka kilima hicho kwanza. Hakuinua macho. Alitoa kijiwe katikati ya maharage, akakitupa uani, ndipo akasema:

"Mjukuu wangu, swali lako ni la uhamiaji au la posa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu.

Majibu ni mawili, na yote ni ya kweli. La posa ni refu. Linataja ukoo, mziro wa ukoo, yaani kile ambacho ukoo umejikataza, upande wa mama, upande wa mama wa mama, na ng'ombe waliotoka na waliorudi, kwa maana kijana na binti wakigundulika ni ndugu baada ya mahari kuliwa, aibu ni ya wazee. La uhamiaji ni fupi: majina matatu na mahali pa kuzaliwa, na mahali penyewe pote ni upande huu wa mpaka. Liko na la tatu, la mpima ardhi, linaloanzia makaburini na kuishia kwenye mstari wa minyaa unaotenga shamba na shamba. Paroko naye ana lake.

Nimefuatilia nasaba Ngara na Biharamulo kwa muda wa kutosha kujua kosa ambalo sisi watafutaji tunaanza nalo. Tunadhani ukoo ni kitu kimoja kilichofukiwa mahali, kinasubiri jembe. Kila orodha ya mababu niliyoipata huku, iwe mdomoni mwa mzee au kwenye karatasi yenye mhuri, ilitolewa kumjibu mtu fulani. Usipomjua mtu huyo, orodha hujaisoma.

Wapo Wamarekani wanaoweza kukutajia babu yao wa kumi pamoja na meli aliyoshukia. Mayflower ilivusha abiria 102 mwaka 1620, karibu nusu yao wakafa kabla baridi ya kwanza haijaisha, na mwaka 1897 wazao wa walionusurika wakaunda chama ambacho huingii mpaka uthibitishe, kizazi kwa kizazi, kwamba damu yako ni ya pale. Wana sensa tangu 1790, wana vitabu vya makanisa, wana hati za mashamba. Anayetafuta huko anatembea kutoka karatasi hadi karatasi mpaka afike melini, na hapo orodha inaishia. Wampanoag, ambao ndio waliokutwa kwenye pwani ile, hawamo. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari zao.

Huku kwetu aliyekutwa ana cheo. Rwanda, ambayo unaiona ukisimama kwenye maporomoko ya Rusumo, wanaitwa abasangwabutaka, waliokutwa kwenye ardhi. Koo tatu hutajwa kwa jina hilo: Bagesera, Basinga na Bazigaba. Wafalme wa koo nyingine walikuja wakatawala, lakini mtu alipojenga nyumba mpya ilimlazimu amtafute mmoja wa hao waliokutwa ndipo mji upate baraka. Mtawala alikuwa na ngoma na ng'ombe. Ruhusa ya kukaa juu ya udongo ilibaki mikononi mwa mwenyeji wake. Napenda jambo hili kwa sababu linatuonyesha watu waliokubali, bila kuona haya, kwamba kufika kwanza na kutawala ni mambo mawili tofauti.

Tahadhari inahitajika hapa, maana ukisikia "ukoo" unaweza kudhani ni watu wa babu mmoja. Marcel d'Hertefelt alipochapisha utafiti wake juu ya koo za Rwanda mwaka 1971 alihesabu koo kubwa 18, na karibu kila moja ilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Miaka tisa baadaye David Newbury akaenda mbele zaidi: akasema koo zile hazikuwa zimeganda tangu zama, bali watu waliingia na kutoka kadiri dola na ulinzi vilivyobadilika. Mtu aliyehama kilima aliweza kujiegemeza kwenye ukoo wa mwenyeji wake, akauchukua mziro wake, na wajukuu wakakua wakijua kwamba hapo ndipo walipotoka. Mstari wa damu huuoni. Unachokiona ni makubaliano ya zamani ambayo waliokubaliana wamekwisha kufa.

Hata hivyo mziro haudharauliwi. Gisaka, ng'ambo ya mto Kagera ukitazama kutoka Bushubi ya Ngara, ilitawaliwa na Bagesera walioitwa Bazirankende. Jina lenyewe linajieleza: wanaozira nkende, yaani waliojikataza tumbili. Sasa geuka upande wa pili. Bahinda, waliotawala Karagwe, Ihangiro, Buzinza na Rusubi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Biharamulo ya baadaye, nao mziro wao ni huyohuyo tumbili. Je, ni ukoo mmoja uliogawanywa na mto? Wapo wanahistoria waliovutwa na wazo hilo. Mimi nasema ni dalili, na dalili unaiandika kwa penseli. Ndani ya simulizi za Bahinda wenyewe mna mtu aliyekutwa: Karagwe husimuliwa kwamba Ruhinda alipofika alimkuta Nono, wa ukoo wa Basita, akiwa tayari mwenye nchi. Msimulizi wa mfalme hakuona sababu ya kumfuta. Alimhitaji, kwa maana bila mwenyeji hakuna wa kukupokea.

Mzungu wa kwanza kuipita nchi hii na kuiandika alikuwa mgeni mwenye haraka. John Hanning Speke alipita Usui, yaani Rusubi, mwishoni mwa 1861, akatozwa hongo na mtawala wake Suwarora mpaka akachoka, kisha akaingia Karagwe kwa Mfalme Rumanyika akapumua. Rumanyika alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na moja ya mambo waliyozungumza ni asili ya ukoo wake. Speke ameandika mwenyewe alichomwambia: kwamba nasaba ya mfalme huyo inatoka Uhabeshi na inafika kwa Mfalme Daudi. Soma tena. Mgeni ndiye aliyemweleza mwenyeji babu yake ni nani! Kutoka kwenye mazungumzo ya namna hiyo ilizaliwa nadharia kwamba watawala wa maziwa makuu walikuwa watu wa mbali waliokuja kutoka kaskazini, nadharia iliyofundishwa mashuleni kwa miongo mingi na kuja kumwaga damu isiyopimika Rwanda na Burundi.

Kinyume chake pia hutokea, mwenyeji akamwambia mgeni kile alichokuja kukitafuta. Mwandishi Alex Haley alikwenda Juffure, Gambia, kutafuta babu zake, akasimuliwa habari za Kunta Kinte, na kitabu chake cha 1976 kikazunguka dunia. Donald Wright, mwanahistoria aliyeifahamu Gambia, alirudi kwa msimulizi yuleyule na kuonyesha kwamba habari za kile alichokitafuta Haley zilikuwa zimetangulia kijijini kabla yake. Sisemi haya kumcheka Haley. Nimewahi kukaa Biharamulo nikitajiwa vizazi tisa bila kusita, nikafurahi, nikaandika vyote; siku ya tatu mzee akaniuliza kama mradi utalipa kwa idadi ya majina.

Turudi kwa bibi na ungo wake.

Nilimwambia ukweli, kwamba ninaandika kitabu. Akafikiri kidogo, akaamua kwamba kitabu kiko karibu na uhamiaji kuliko posa, akanipa jibu la katikati. Mume wake aliitwa Minani. Kwa msomaji wa Tabora au Tanga hilo ni jina tu. Kwa Mhangaza, yaani mtu wa Bugufi, kwa Mrundi au Mnyarwanda ni hesabu: Minani ni mtoto wa nane. Nyandwi ni wa saba, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Bukuru na Butoyi ni pacha, mkubwa na mdogo, na anayefuata pacha ni Ciza, ambalo makarani wetu wanaandika Chiza. Mtafuta nasaba anapaswa kuyashika majina haya kama fundi anavyoshika rula. Ukikuta Minani kwenye daftari na daftari linamtajia ndugu watatu tu, ujue wako wanne zaidi mahali fulani, hai au wafu, na kazi yako haijaisha.

Majina mengine ya huku hayahesabu, yanasema. Habonimana anasema Mungu ndiye aonaye. Ntirandekura anasema bado sijaachiwa, kama mama aliyekwisha kuzika. Yapo yanayomsuta jirani, yapo yanayomjibu mama mkwe. Kila mtoto anapewa lake, wala halirithiwi, kwa hiyo baba na mwana wanaweza kuishi nyumba moja bila silabi moja ya kuwaunganisha. Aliyezoea majina ya Kizungu, ambako jina la babu linateremka hadi kwa kilembwe, anapotea hapa siku ya kwanza.

Kisha ikaja shule na fomu zake za majina matatu: lako, la baba, la babu. Karani akaandika la tatu kwenye safu ya jina la ukoo, na likaganda hapo. Leo wajukuu wa Minani wote ni akina Minani, hata yule kifungua mimba ambaye hana hata mmoja aliyemtangulia. Ukija kuwatafuta miaka mia ijayo utadhani ni ukoo wa watu waliozaliwa wa nane siku zote.

Bibi akaanza kuwahesabu ndugu za mumewe kwa vidole, akianza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Binti, akaolewa Bushubi. Mvulana, akafa na njaa ile ya vita vya Hitler, ambayo Rwanda wanaiita Ruzagayura. Bukuru. Butoyi. Ciza. Mkono ukaisha. Akaanza wa pili: binti aliyefariki akinyonya. Hapo akaweka ungo chini, akanyoosha mgongo, akaitazama mvua iliyokuwa inajikusanya upande wa mto Ruvubu. "Halafu Minani," akasema.

Sita, kisha wa nane. Nikaandika, nikaacha mstari mmoja wazi.

Miaka ya watu hawa haikuandikwa na mtu walipozaliwa, kwa hiyo unaitafuta kwa matukio. Minani alizaliwa wakati wa nzige, na nzige ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baba yake alikuwa kijana wa kubebeshwa mizigo Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani, na hilo ni 1916, mwaka ambao Biharamulo na boma lake, ambalo mpaka leo limesimama, vilibadilisha mabwana. Babu yake alikumbuka sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890. Ukifika kwenye sotoka umefika karibu na ukingo. Nyuma ya hapo wazee wengi wanataja majina bila kuyaegemeza kwenye jambo lolote, na majina yasiyoegemea kitu yana tabia ya kufupishwa, kurefushwa na kubadilishana nafasi. David Henige aliandika kitabu kizima mwaka 1974 kuonyesha orodha za wafalme zinavyofanya hivyo hivyo. Za wakulima haziwezi kuwa bora.

Ng'ombe wanasaidia. Sisemi kwa mzaha. Mahari ya ng'ombe ilipozaa, familia ya binti ilirudisha ndama, indongoranyo, na deni hilo lilidumu kuliko waliolianzisha. Nimewahi kukutana na mzee aliyekwama kwenye jina la babu yake wa nne, lakini akakumbuka ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, alikotoka, alikozalia, ndama wake alirudishwa kwa nani na kwa nini wa pili hakurudishwa. Tulimfuata ng'ombe. Alitupeleka kwa shemeji, shemeji akampata babu.

Biharamulo ni kazi nyingine. Watu wa huko wamehamishwa kiasi kwamba swali la nani alifyeka kwanza linabidi liulizwe mara nne kwenye shamba moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, iliwakusanya watu kwenye makazi ya pamoja, na nyuma yao pori likarudi na mbung'o wake. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakasogezwa tena kando ya barabara. Wakaja Waha kutoka kusini, wakaja Wasukuma na mifugo kutoka mashariki, na wengi wa hao wanakumbuka vizuri nani alishika panga kwanza kwa sababu alikuwa baba yao, na panga bado lipo. Mgeni anayeingia leo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ataambiwa anaona asili isiyoguswa. Msubi mwenye umri mkubwa atakuambia mle ndani mna mahame. Ataitaja milima kwa majina ya watu.

Karatasi zipo, na za aina tatu. Kuna Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika mila, mipaka na nasaba za machifu. Picha zake unazipata kwenye Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Utayakuta majina ya watawala yamepangwa kama ngazi, baba juu ya mwana, safi kabisa, kwa sababu ofisa aliuliza nani ana haki ya kutawala na aliyejibu alikuwa mtu mwenye haki ya kutawala. Kuna orodha za kodi, zinazomjua mwanamume mwenye nyumba na wala hazina habari na mama yake. Uandishi nao ni balaa: nchi moja ni Usui kwa Speke, Ussuwi kwa Mjerumani, Rusubi kwa wenyewe, na Bushubi ya Ngara ikiwa kando ikisubiri kuchanganywa nayo.

Aina ya tatu ndiyo ninayoipenda. Rejista ya ubatizo ya Mapadri Weupe ni kitabu kikubwa, kizito, kinachonuka vumbi na mafuta ya taa, na safu zake ni za Kilatini. Namba, tarehe, jina, mtoto wa nani na nani, msimamizi, sahihi ya padri. Kwa mtu mzima unaweza kurudi nyuma miaka minne, kwa sababu ndio muda wa ukatekumeni uliowekwa na Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, ukajua ni lini hasa alianza kwenda misheni. Mama anatajwa kwa jina lake, jambo ambalo mtoza kodi hakulijali. Ila hazina yake iko pambizoni. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa, hata kama ni parokia ya mbali, taarifa irudishwe alikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Ndiyo maana rejista ya kilima kimoja cha Bugufi, ukiisoma pembeni badala ya katikati, ni ramani ya watu waliotawanyika.

Na walitawanyika. Vijana wa Bugufi, Bushubi na Biharamulo, pamoja na umati kutoka Rwanda na Burundi, walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu kwa ujira, kwa miguu, siku nyingi njiani. Audrey Richards na wenzake walichapisha kitabu juu yao mwaka 1954, na wanaeleza jinsi wengi waliobaki kule walivyochukua majina ya Kiganda na kujiingiza katika koo za Kiganda. Yaani walifanya kilekile ambacho Newbury alikisema juu ya Rwanda ya zamani, safari hii mbele ya macho ya watafiti wenye madaftari.

Mpaka wenyewe ulichorwa na watu wawili. Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana Mei 1919 kuigawa Afrika Mashariki ya Wajerumani: Rwanda na Urundi kwa Mbelgiji, iliyobaki kwa Mwingereza. Gisaka ikapelekwa kwa Mwingereza kwanza kwa ajili ya reli ambayo haikujengwa, ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipopita mwaka 1948, Mwami Mwambutsa aliupelekea ombi akitaka Bugufi yake irudi. Haikurudi. Wahangaza wakalala Warundi, wakaamka Watanganyika, bila kuondoka kitandani.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuwa na uzito. Kisha sheria ya uraia iliyoanza siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, ikasema, kwa ufupi, kwamba aliyezaliwa Tanganyika ni raia ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Tazama sentensi hiyo ukiwa juu ya kilima cha bibi. Mwanamke aliyeolewa upande huu, akaenda kujifungulia kwa mama yake kilima cha pili, ameacha mtoto mwenye maelezo marefu. Juu yao wakaja wakimbizi wa Kinyarwanda wa miaka ya 1960, waliopewa makazi Muyenzi; mwaka 1980 takriban 36,000 wa kundi hilo nchini walifunguliwa mlango wa uraia. Tarehe 28 Aprili 1994 ikawa zamu ya daraja la Rusumo, watu wapatao 250,000 wakivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi na kuifanya Benaco, kambi yenye jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, kuwa mji kabla wenyeji hawajajua kumetokea nini. Mwaka 2013 ikawa Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuelekea upande wa pili, miongoni mwao watu wenye makaburi ya wazazi huku.

Katika yote hayo kuna karatasi moja ninayoiheshimu kuliko nyingine. Kambini, Msalaba Mwekundu ulibeba barua fupi za wazi, za habari za familia tu, na kwenye fomu yake mtu aliandika jina lake, jina la baba na jina la mama. Ni ushahidi wa nadra huku ambapo aliyejibu alitaka apatikane.

Anayejaza fomu ya kitambulisho cha taifa wilaya ya mpakani hayuko katika hali hiyo. Maswali yanapanda hadi kwa babu na bibi, na kila jina la ng'ambo ni mlango anaoufungua mwenyewe kwa hofu. Sasa nielewe: familia inajifunza jibu lake, inalifupisha, inalifundisha watoto, na baada ya miaka ishirini watoto hawajui kama kuna jingine. Hapo siwezi kumlaumu mtu kwa kumsahau mjomba.

Paroko alinikubalia nikae na rejista asubuhi mbili, nikiwa nimenawa mikono. Siku ya pili nikaupata mstari. Baba na mama walewale, kilima kilekile, mvulana: Nyandwi. Pambizoni, kwa mwandiko mwingine na wino wa samawati, padri wa miaka ya 1950 alikuwa ameandika tarehe ya ndoa, jina la parokia ya Buganda, na jina la mke, la Kiganda.

Nilipanda tena kwa bibi, safari hii na sukari. Nilimsomea. Alikuwa ameshika jani la mgomba akilipasha moto, akalisogeza mbali na jiko.

"Nyandwi," akasema. "Alituletea shuka mara mbili. Ya pili ndiyo niliyobebea mtoto wangu wa kwanza."

"Bibi, mbona siku ile ulimruka?"

"Hukusema unamtafutia nini." Akakaa kimya. Kisha akanisogelea, sauti ikashuka, na nikajua kwamba mwishowe niko kwenye lile jibu refu. "Ana wajukuu huko, siyo? Wanakuja kusoma Mwanza siku hizi, wanakutana na wetu. Wanazira nini?"

Nikaangalia nilichonakili. Tarehe, parokia, mke, sahihi ya padri. Nikageuza karatasi, kana kwamba nyuma kunaweza kuwa na kitu. Rejista haina safu ya mziro.